Gari la spoti la zamani likisumbua umeme: pima kwanza, spea baadaye

Hapa Tabora spea za umeme za magari ya spoti hazikai dukani. Za Toyota IST na Probox utazipata, lakini ukihitaji alternata (ile inayochaji betri injini ikizunguka) ya Toyota Celica au koili za cheche za Toyota Altezza unapiga simu Dar, unatuma hela, mzigo unapanda basi, na ukishaupokea ndiyo basi tena. Maduka mengi ya spea yana kibao kile kile ukutani: vifaa vya umeme vikishauzwa havirudishwi. Ukiagiza stata, mota ya kuamshia injini, halafu ukakuta ugonjwa ulikuwa nati ya betri, hela hiyo huioni tena, na gari bado limelala chini ya mwembe.

Magari haya yana umri. Celica za taa nne za duara zilitoka kiwandani kati ya 1993 na 1999, Altezza zilianza 1998 zikaisha 2005, na Eunos Roadster, ile ambayo kwingine inauzwa kama Mazda MX-5, ilianza 1989. Waya zimepikwa na joto la injini miaka yote hiyo. Zinazotangulia kuchoka ni sehemu za kuunganishia: nati ya erthi (pale umeme unaporudi betri kupitia bodi) iliyoota kutu, plagi ya waya iliyolegea, na pale ambapo fundi fulani alikata waya akafunga alamu kwa tepu. Alternata na kompyuta ya gari huwa zinasingiziwa tu.

Vitu vya kuwa navyo

Multimita ya dijitali, hata ile ya bei ya chini sokoni. Balbu ya wati 21, ile ya breki, iliyounganishwa waya mbili zenye vibanio. Msasa laini, brashi ya waya, fyuzi za akiba na spana namba 10 na 12. Vua pete na saa ya chuma kabla ya kushika betri. Spana au pete ikigusa chanya na bodi kwa pamoja inawaka nyekundu kidoleni. Ukifungua betri anza na hasi, ukifunga hasi iwe ya mwisho. Gari lenye eabagi, mifuko ya hewa ya ajali, lina plagi za njano kwenye usukani na dashibodi. Hizo usizichokonoe kwa mita. Kama ni lazima ufanye kazi karibu nazo, fungua betri na usubiri zaidi ya sekunde 90.

Hatua ya 1: Mhoji mwenye gari

Hii inarukwa na wengi, nami naiona inaokoa muda kuliko mita.

"Shikamoo fundi."
"Marahaba. Limeanza lini hili?"
"Kama juzi hivi. Asubuhi haliwaki, betri imekufa kabisa."
"Redio hii kubwa uliiweka lini?"
"Redio haihusiani, fundi. Mbona inapiga vizuri tu!"
"Sijauliza inapigaje. Lini?"
"...Ijumaa."

Uliza kuhusu redio, alamu, taa za ziada, spika kubwa za kwenye buti, injini iliyoshushwa, ajali, na siku gari lilipolowana. Kisha nusa. Waya uliopata moto una harufu yake, na hata ukipoa plastiki ya plagi hubaki na rangi ya kahawia.

Hatua ya 2: Betri

Pima gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Betri iliyojaa inasoma volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na ikishuka chini ya 12 huna betri ya kupimia kitu kingine chochote, ichaji kwanza. Kisha mtu awashe stata huku wewe umeshika mita juu ya nguzo za betri. Isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ikianguka mpaka 7 au 8 wakati kabla ya hapo ilisoma 12.6, betri imechoka ndani, na kuichaji tena ni kujiliwaza. Joto ndilo linaloua betri zetu. Ikifika Oktoba utaona foleni kwa wauza betri.

Kama betri ni ya kuongeza maji, ongeza maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale yanayouzwa kama maji ya betri. Angalia chupa vizuri, kwa sababu asidi nayo inauzwa pembeni kwenye chupa inayofanana. Asidi haiongezwi kwenye betri iliyopungua maji. Kwenye Eunos Roadster betri iko ndani ya buti, na kuna kimpira cha kutolea gesi nje. Ukiweka betri ya kawaida isiyo na tundu la mpira huo, gesi inayowaka inabaki kwenye buti pamoja na tindikali inayokula mabati.

Hatua ya 3: Umeme unaopotea njiani

Hapa ndipo pa kukaa. Ukijifunza hatua hii moja, nusu ya matatizo ya magari haya utayamaliza bila kununua kitu.

Wengi hupima waya kwa kipimo cha omu (ukinzani wa waya), wakiona sifuri wanasema waya ni mzima. Kipimo hicho kinadanganya kwenye waya nene. Mita inapitisha umeme kidogo mno, kiasi kwamba hata nyuzi mbili zilizobaki zinatosha. Stata ya injini ya silinda nne inataka ampia 100 na zaidi. Ni daraja la gogo moja: anayetembea kwa miguu anavuka, lori la tumbaku halivuki. Kwa hiyo unapima kazi ikiendelea, na unapima volti zinazopotea kati ya ncha mbili za njia ile ile.

Weka mita kwenye volti 20 za DC. Ncha nyeusi igandamize kwenye nguzo ya hasi ya betri, yaani risasi yenyewe na si kibanio kilichoizunguka. Ncha nyekundu igandamize kwenye chuma kitupu cha injini. Mtu apige stata. Mita isome 0.2 au pungufu. Ikisoma zaidi, umeme unapata shida kurudi kwenye betri, na sasa unaigawa njia: nguzo mpaka kibanio, kibanio mpaka bodi, bodi mpaka injini. Kipande kitakachokupa namba kubwa ndicho kibovu. Upande wa chanya fanya vivyo hivyo: nyekundu kwenye nguzo ya chanya, nyeusi kwenye boliti nene ya stata, piga stata. Hapo 0.5 ndiyo mwisho.

Kuna Celica ililetwa ikiwa na stata mpya tayari, na bado inavuta kivivu. Kati ya bodi na injini mita ilisoma 0.9. Ukipitisha mkono nyuma ya injini, tundu la boliti lilikuwa tupu: waya wa kusuka unaounganisha injini na bodi ulitolewa siku ya kubadili klachi, haukurudishwa. Umeme wote wa stata ulikuwa ukirudi kwa njia nyingine, ikiwemo kebo ya akseli. Mpira wa ndani wa kebo ulikuwa umeyeyuka upande wa injini, na mwenye gari alikuwa akilalamika siku nyingi kwamba akseli imekuwa nzito. Waya wa erthi ulirudishwa, kebo ikabadilishwa. Stata ya zamani ilikuwa nzima.

Dalili za erthi mbovu ni za ajabu ajabu, ndiyo maana watu husema gari limerogwa. Unakanyaga breki, indiketa inamulika kwa mbali. Unawasha taa kubwa, mshale wa joto unapanda wakati injini haijapata joto. Unapiga honi, redio inazima. Ukiona kitu kimoja kinakisumbua kingine kisichohusiana nacho, usiguse fyuzi. Tafuta erthi wanayochangia. Taa za nyuma mara nyingi zinarudishia umeme kwenye nati moja ndani ya buti, karibu na pale maji yanapovuja.

Kuisafisha ni kazi ya dakika chache. Fungua boliti, piga msasa kile kiduara cha waya mpaka kiwe cheupe, piga msasa bati mpaka rangi na kutu viondoke, funga kwa nguvu, halafu paka grisi juu baada ya kukaza. Walio Kigoma karibu na ziwa wasiiruke hiyo grisi, unyevu wa kule haungoji.

Hatua ya 4: Stata haizungushi

Washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo. Taa zikifa kabisa, rudi hatua ya 2 na 3. Zikibaki zinang'aa na kusikika "tak" moja, umeme unafika kwenye stata ila hauingii kwenye mota. Stata nyingi za Denso zilizo kwenye Toyota zina vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi (swichi nene iliyo juu ya stata), na hivyo huliwa polepole. Fundi wa stata anaweza kubadilisha vipande hivyo tu, hakuna haja ya stata nzima.

Zikibaki zinang'aa bila sauti yoyote, pima ule waya mwembamba wa stata huku ufunguo umegeuzwa. Ukikosa umeme hapo, shida iko juu: swichi ya ufunguo, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), swichi ya gia kwa otomatiki, au swichi ya klachi kwa manyuo. Otomatiki ijaribu kwenye N kabla ya yote. Na kama kuna alamu ya kuongezwa, waya huu ndio huwa inaukata.

Hatua ya 5: Chaji

Injini ikiwaka, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni ya ndani na waipa; ikishuka chini ya 13 injini ikiwa inazunguka vizuri, kuna jambo. Ikipita 15, regyuleta inayodhibiti chaji imekufa, na ukiendelea hivyo utachemsha betri na kuunguza balbu zote.

Kabla ya kuihukumu alternata, kagua mkanda, kisha pima volti zinazopotea kati ya boliti nene ya alternata na chanya ya betri, kama ulivyofanya kwenye stata. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina plagi ya waya tatu kwenye alternata: IG, S na L. Waya wa S unatoka kwenye betri kupitia fyuzi ndogo, na fyuzi hiyo ikiungua taa ya chaji inawaka hata kama alternata ni nzima. Fyuzi yenyewe imeandikwa ALT-S. Ukilazimika kuagiza, piga picha kibandiko chenye namba, plagi kwa karibu, na puli yenye mikato yake. Jina la gari peke yake halitoshi, maana Celica moja na nyingine zinaweza kutofautiana plagi.

Hatua ya 6: Betri inayokufa usiku

Zima kila kitu, funga milango, toa taa ya buti, subiri kama nusu saa. Fungua hasi ya betri. Weka mita kwenye ampia 10, ukihamishia ncha nyekundu kwenye tundu lake, halafu iunganishe kati ya nguzo ya hasi na kibanio. Usipige stata wala usiwashe taa mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita.

Gari la umri huu linanyonya kidogo kwa ajili ya saa na kumbukumbu ya kompyuta. Chini ya miliampia 50 ni sawa. Ikisoma nusu ampia, ndani ya saa 24 umepoteza ampia-saa 12, na betri ndogo ya Kijapani haitafika Jumatatu. Sasa chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Fyuzi iliyoangusha namba inakuambia ni njia ipi, siyo kifaa kipi; fuata waya zake.

Fyuzi zote zimetoka na namba haijashuka? Gusa alternata. Ikiwa ya uvuguvugu wakati injini ilizimwa tangu jioni, daiodi zake, zinazozuia umeme wa betri usirudi nyuma, zinavujisha. Ichomoe waya mnene (hasi ya betri ikiwa imefunguliwa), ukinge usiguse bodi, upime tena.

Na yule wa redio ya Ijumaa? Waya wa kumbukumbu na waya wa ufunguo vilikuwa vimesokotwa pamoja, redio na amplifaya havilali.

Hatua ya 7: Fyuzi inayoungua kila ukiiweka

Kuna watu wataweka fyuzi kubwa zaidi. Wengine huweka karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Ya ampia 10 ni nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 30 kijani. Rangi iliyotoka ndiyo inayorudi, kwa sababu fyuzi inalinda waya na waya haujanenepa.

Badala ya kumaliza pakiti ya fyuzi, chomeka ile balbu ya wati 21 kwenye nafasi ya fyuzi. Shoti ikiwepo balbu inawaka kwa nguvu, na haipitishi hata ampia 2, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Sasa zunguka na gari ukitikisa waya: kwenye mpira wa mlango unaokunjwa kila siku, bawaba ya buti, chini ya usukani, nyuma ya redio, na popote waya unapopita karibu na ekzosi. Pale balbu itakapofifia au kuzima ghafla, umeshika mahali penyewe. Panya nao ni wa kuhesabu. Gari likilala wiki mbili jirani na ghala la mahindi, fungua boneti ukiwa na tochi na uangalie nyuma ya injini.

Hatua ya 8: Taa za mbele

Balbu ya wati 55 inakula karibu ampia 4.6. Kijana akiweka za wati 100 zinakula zaidi ya 8 kila moja, kupitia plagi na swichi zilezile. Ndiyo maana plagi ya taa ya gari kama hili mara nyingi ukiigusa inavunjika kama biskuti. Rudisha 55, weka plagi mpya, na kama unataka mwanga zaidi pitisha umeme kwa rilei moja kwa moja toka kwenye betri, ukiwa na fyuzi karibu na betri. Rilei zenye namba za kawaida zinafungwa hivi: 85 na 86 ni koili, 30 inatoka kwenye betri, 87 inakwenda kwenye taa. Rilei nyingi za Kijapani hazina namba hizi, kwa hizo fuata mchoro ulio ubavuni.

Taa za kufumbua na kufumba, kama za Eunos Roadster za mwanzo na Celica za kabla ya 1993, zikikwama moja juu na moja chini, toa kwanza fyuzi ya mota zake, kisha zungusha kwa mkono kile kifundo kilicho juu ya mota chini ya kofia ya mpira. Fyuzi itoke kweli. Mota ikiamka na vidole vyako viko hapo, utajuta.

Hatua ya 9: Taa ya injini

Toyota za kizazi hiki zinasema zenyewe bila mashine. Kwenye kile kiboksi cha plastiki chini ya boneti, ambacho mfuniko wake umeandikwa majina ya matundu, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, geuza ufunguo bila kuwasha injini, halafu hesabu taa inavyopepesa. Kupepesa mfululizo kwa mwendo mmoja maana yake hakuna kosa lililohifadhiwa. Mpepeso mmoja, kituo, kisha miwili ni 12: kompyuta haikupata ishara ya mzunguko wa injini. Mmoja na minne ni 14: haipati jibu kutoka kwenye igniter, kile kifaa kinachoamuru koili zitoe cheche. Hata hapo anza na plagi na waya za hiyo sehemu, kifaa baadaye. Altezza ina soketi yake chini ya dashibodi, tumia mashine ya kusomea.

Kompyuta zenyewe za miaka ya 1990 zina ugonjwa wa kapasita (vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye bodi) kuvuja. Mitsubishi GTO zinajulikana kwa hilo. Ukiifungua ukasikia harufu ya shombo la samaki na kuona utando kwenye bodi, mpelekee fundi wa redio mwenye mkono mtulivu. Kapasita ni za bei ya chini, kompyuta nzima siyo.

Kuunganisha waya

Usisokote ukafunga tepu. Joto la Oktoba linayeyusha gundi, tepu inateleza, vumbi linaingia. Chuna waya, uingize kwenye kiungio cha kubana na ukibane kwa koleo lake, au uchomelee kwa risasi, kisha uvishe mpira unaonywea kwa moto. Uulaze pamoja na wenzake na kuufunga ili usicheze.

Mwisho, mwembe. Majani yake yanaziba matundu ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele, maji yanapanda, yanaingia ndani ya kabini na kushukia kwenye boksi la fyuzi. Novemba kabla mvua haijakolea, ondoa ule mfuniko wa plastiki chini ya waipa, zoa majani yote, kisha mwaga jagi la maji uhakikishe yanatokea chini nyuma ya tairi la mbele.